Friji la Isaka kwenye Boksi la Champaklal

Jumatatu, 9 Juni
Mke wangu Mbuke kanikabidhi hela alizovuna kwenye kikoba. Za friji jipya, kasema, dukani kwa Mzee Champaklal, lenye dhamana. Jumamosi ana oda ya maziwa mgando, kipaimara cha mtoto wa Ritha. Yakichacha, hapati oda nyingine Nyahanga nzima. Nimemtoa wasiwasi. Ila jipya la nini? Likikaa ndani wiki moja si limeshakuwa la zamani?

Jumanne, 10 Juni
Nimefika Isaka kwa Magesa, muuza mitumba. Kaapa kwamba friji la Ulaya, hata likitumika miaka, linalishinda jipya la hapa. Nikauliza kama linagandisha. Naye akauliza kama nimewahi kuona Mzungu anakunywa soda ya moto. Kweli, sijawahi! Nimelipa. Iliyobaki nimeingiza kwenye duara, shimo la wachimbaji Nyarugusu. Dhahabu ikitoka, Mbuke atapata mafriji mawili.

Jumatano, 11 Juni
Nimeomba boksi tupu dukani kwa Champaklal. La kufugia vifaranga, nimedanganya. Halafu nimelivisha friji nailoni mpya, mbele mpaka nyuma. Mbuke kapiga vigelegele. Jirani yangu Jilala, mwenye friji jipya tangu Pasaka na nailoni yake hajaitoa, kalizunguka langu, kaondoka bila kuaga. Wivu huo! Mbuke alitaka kuchana nailoni. Nikamkatalia. Likivuliwa, wageni watajuaje ni jipya? Kaona nina hoja.

Ijumaa, 13 Juni
Balaa! Friji limenguruma, limenuka, limezima. Nailoni ya nyuma imeyeyukia kwenye mota. Maziwa yote yamechacha. Nilidhani Mbuke atalia. Wapi! Kasema ndiyo maana ya dhamana, kaita guta lije kulibeba. Nikamsihi tusimsumbue mzee wa watu. Kauliza tangu lini nina huruma na wenye maduka.

Tumelifuata guta kwa pikipiki yangu. Dukani Mbuke kamwamkia Mzee Champaklal, kaitikiwa marahaba, kaeleza shida. Mzee kafungua mlango wa friji. Ndani stika za katuni, nusu zimebanduliwa! Akamwita Mbuke mayu, yaani mama, kwa upole, akauliza kwa Kisukuma safi kuliko changu ni nani kamuuzia friji lililolea watoto wa watu. Duka zima likageuka kunitazama. Nimeona aibu mpaka masikio yamewaka.

Mbuke hakugomba. Kaomba ufunguo wa pikipiki yangu. Nikampa, nikidhani anataka kutangulia nyumbani. Kumbe kaiuza! Tena kwa Jilala! Jioni friji jipya likaingia, na Mbuke kaenda kutafuta maziwa mengine.

Jumamosi, 14 Juni
Maziwa yamesifiwa kipaimara kizima. Wawili wameshaweka oda. Mbuke kacheza mpaka kiatu kimekatika. Nimefurahi kwa ajili yake, kweli. Mimi nimepigiwa simu kutoka Nyarugusu: duara limetoa maji.

Jumapili, 15 Juni
Tumekwenda kanisani kwa miguu. Jilala katupita na pikipiki yangu, kapiga honi. Mbuke kauliza kama nimejifunza kitu. Nikasema nimekoma, sitanunua tena cha mtumba. Kanishika mkono, masikini.

Na sijanunua. Nimebadilishana tu. Fredy wa gereji kachukua lile friji, mimi nimechukua pikipiki. Nzuri mno, inang'aa, imekosa injini tu. Na sikumwambia kama mota ya friji imeungua. Watu wengine wanadanganyika kirahisi jamani!