Wareno wa Spring Valley

Siku Sifuna alipogundua kwamba uongo nao una soko, alikuwa ameketi juu ya ukuta wa mawe uliobomoka, kilimani Spring Valley, akila kiazi kitamu. Mwaka ulikuwa 1968. Mzungu aliyemwajiri kulinda kilima kile alikuwa ameshapanda ndege miaka minne nyuma, akamwachia ufunguo, koti la mvua na ahadi kwamba ataandika. Sifuna aliendelea kulinda kwa kuwa hakuna aliyemwambia aache.

Wakatokea watalii wawili, wekundu kama nyanya. Waliupiga picha mji wote uliolala pale chini, wakaupiga na ule ukuta, kisha wakauliza ni wa nini. Sifuna alimeza kiazi.

"Ngome," alisema. "Ya Wareno."

Shuleni Kimilili alikuwa amefundishwa kwamba Wareno walijenga ngome. Mwalimu hakusema waliishia wapi, basi Sifuna akawamalizia safari. Akawapandisha kutoka Mombasa kwa miguu, akawapa mizinga na kapteni mwenye meno ya dhahabu. Handaki lililozunguka kilima likawa la kuzuia simba. Shimo refu lililofunikwa mabati likawa kisima cha mke wa kapteni. Watalii walitoa noti kabla hajamaliza.

Kwa miaka mitatu ngome ilinawiri. Madereva wa teksi waliwaleta wageni kutoka mahoteli ya mjini, naye akawapa madereva hao chai yao. Njiani, chini ya kilima, Wangeci, mama wa makamo, aliwauzia wageni mahindi ya kuchoma. Habari za Wareno alizisikia kila siku. Aligeuza mahindi yake.

Shida ya Sifuna ilikuwa baba mkwe. Mzee huyo alikuwa ameapa kwamba binti yake Lornah, mke wa Sifuna, hatatoka Kimilili kuja kukaa na mlinzi wa magofu. Sifuna alitaka kuingia boma lile siku moja ndani ya gari lake mwenyewe, mzee asimame.

Ndipo akaja Waweru. Huyu alikuwa mkubwa katika ofisi fulani ya mashamba, mwenye tumbo lililopata uhuru kabla yetu sisi wengine, na Peugeot nyeupe. Alizunguka ngome mdomo wazi. Aliuliza Wareno walikula nini, walisali wapi, kama kapteni alikuwa mrefu. Sifuna alimpima akaona huyu ni kondoo, tena wa sufu. Akamnong'oneza kwamba kwa ajili yake tu, na kwa heshima, kilima kinaweza kuuzwa.

"Wewe ndiye mwenyewe, ndugu?" Waweru aliuliza kwa unyenyekevu.

"Umeona mwingine hapa, Bwana Mkubwa?"

Bei ikawa ile Peugeot. Waweru alisitasita kama bibi harusi, akakubali. Namba za gari zilianza na GK, lakini Sifuna, kama sisi sote miaka ile, alikuwa ameacha kutofautisha mali ya serikali na mali ya mkubwa.

Walikwenda mjini kwa wakili. Sifuna alitia sahihi kwamba yeye, mkaaji wa kilima, amekiachilia kwa hiari yake. Moyoni alikuwa ameshafika Nakuru, njiani kwenda Kimilili. Wakili akagonga muhuri. Hapo mdomo wa Waweru ukafungwa, na uso wa kondoo ukaondoka.

"Mzungu wako aliandika, Sifuna. Alikuachia kilima. Barua yake iko mezani kwangu miaka saba. Ilikosekana sahihi yako tu."

Sifuna aliomba funguo za gari.

"Lile ni la ofisi. Lichukue ukipenda. Mimi nitapiga simu, na polisi watakungoja njiani, Uthiru."

Sifuna, kwa hasira ya mtu aliyebaki na silaha moja, akamwambia kwamba hata ngome yenyewe ni bandia, hakuna Mreno aliyewahi kukanyaga pale. Waweru alicheka hadi akafuta machozi.

"Unanifundisha mimi? Nilikuwa homgadi pale, nikiwashikia wakoloni bunduki wakati wa Emajensi. Hicho kisima chako ndimo tulimowatia watu." Akarekebisha tai. "Nitakupa kofia na mshahara. Endelea na Wareno wako, wananifaa. Wareno hawana wajane hapa wa kuuliza maswali."

Sifuna alirudi kwa miguu, kupitia Westlands, akaketi karibu na jiko la Wangeci. Alimwuliza kama alijua habari za kile kisima. Mama alimwambia kwamba handaki lilichimbwa na wanawake, yeye mmoja wao, wameelekezewa bunduki mgongoni. Mumewe aliteremshwa shimoni siku ya Jumanne, na hakupandishwa.

"Na miaka yote hii unanisikiliza tu, mama?"

"Niseme nini? Waliokuwa na bunduki sasa wana ofisi. Nilipendelea Mreno ambaye hakuwahi kuwepo kuliko Waweru ambaye yupo."

Baada ya wiki mbili, teksi ilileta watalii watatu. Geti lilikuwa jipya, na Peugeot imeegeshwa ndani yake. Mama mmoja mwenye kamera alichungulia handaki, akauliza ni akina nani waliofanya kazi kubwa namna hii.

Sifuna alimtazama Wangeci, aliyeacha kugeuza mahindi. Akalitazama gari. Akaikaza kofia yake mpya.

"Wareno," alisema.

Mahindi yakaanza kuungua.