Mtaji Wenye Kwato Nne

Katika mji wote wa Mikumi hakukuwa na tajiri wa kumfikia Hezekia, ukiliweka kando suala dogo la fedha!

Kwa kazi, Hezekia alikuwa fundi wa kuchomelea, na mageti yake yalifunga na kufunguka bila kulalamika. Lakini tangu Februari, ukimwita fundi, hageuki. Mwezi huo alilipwa fedha za geti la nyumba ya wageni, akazipeleka zote Tindiga na kununua dume mmoja wa ng'ombe. Mzee Kitashu, mfugaji wa huko, alikubali kumtunzia dume huyo ndani ya kundi lake la ng'ombe sitini na kidogo. Kuanzia siku hiyo Hezekia akawa mwekezaji. Ng'ombe mmoja! Ungemwona anavyotembea, ungedhani amenunua mbuga nzima pamoja na simba waliomo.

Mkewe, Debora, alikuwa katibu wa kikoba. Kila Alhamisi wanachama walikaa mkekani kuzunguka sanduku lenye makufuli matatu, wakanunua hisa za shilingi elfu mbili mbili na kugongewa mihuri vitabuni mwao. Jambo hilo lilimchekesha Hezekia hadi machozi. Alimweleza mkewe, kwa upole wa daktari anayetoa majibu mabaya, kwamba sanduku halina uzazi, na kwamba hakuna aliyewahi kuona muhuri ukinyonyesha. Mambo ya mitaji yanahitaji watu wenye upeo.

Debora alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamuuliza kama aongezewe ugali.

Kasoro ilikuwa moja tu: mwekezaji hakuwajua ng'ombe. Ukoo wao ni wakulima wa milimani juu ya Kidete, watu wanaoweza kulitazama hindi wakakutajia shamba lilikotoka, lakini ng'ombe humpisha tu njiani. Hilo halikumzuia Hezekia. Siku ya kununua alimfunua dume midomo, akayakagua meno yake kwa muda mrefu kana kwamba anasoma mkataba, kisha akamtangazia mzee Kitashu kwamba damu ya ufugaji imo mwilini mwake tangu kuzaliwa. Halafu akasimama kando ya mnyama, akajipiga selfi, akaiweka mtandaoni.

Kazi zikambana, hata akarudi Tindiga baada ya wiki sita. Hapo ndipo jasho jembamba lilipomtoka. Ndani ya zizi walikuwamo madume wawili wa kahawia, wa kimo kimoja, kila mmoja na doa jeupe ubavuni. Mmoja alikuwa nalo upande wa kulia, mwingine upande wa kushoto.

Aulize? Aliyezaliwa na damu ya ufugaji aulize ng'ombe wake ni yupi? Heri kufa!

Alitoa simu mfukoni, akajifanya anatazama saa, akaifungua ile selfi. Pichani doa lilikuwa ubavu wa kushoto. Shaka ikaisha. Akaenda moja kwa moja kwa dume mwenye doa kushoto, akampiga kofi la upendo mgongoni, akamwambia mzee Kitashu kwamba mtaji wake anauona uko salama.

Kuanzia hapo, kila Jumapili baada ya ibada, Hezekia alipakia kwenye bodaboda gunia la pumba za mahindi, mashudu ya alizeti na donge la chumvi, akaenda kulisha. Alimsugua dume kwa maji na brashi. Alimpepea inzi kwa kofia aliyotoka nayo kanisani. Yule wa doa la kulia akisogeza pua karibu na beseni, alifukuzwa kama mgeni asiyealikwa harusini.

Wanaume wa boma waliacha kazi zao wakamtazama kwa heshima ambayo nyumbani kwake hakuwahi kuionja. Wengine walitikisa vichwa taratibu. Hezekia alielewa: wajuzi walikuwa wamemtambua mjuzi mwenzao.

Na dume alinenepa! Mgongo ulilainika ukang'aa, shingo ikajaa kama gunia la mpunga lililoshindiliwa, na akitembea, ardhi ilipata taarifa.

Oktoba ikaja na jambo ambalo halikuwa la majivuno hata kidogo. Miaka tisa Hezekia alikuwa amechomelea kwenye nyua za watu, akihamishwa pamoja na mashine yake kila mwenye ua alipopata wazo jipya. Sasa Mama Generoza alikuwa na fremu tupu ya biashara kando ya barabara kuu, mahali ambapo kila lori linapita. Hezekia alimwendea, akamwamkia kwa heshima zote, na mama akaitikia marahaba kabla ya kutaja masharti: kodi ya miezi sita, yaani laki tisa, Jumamosi saa kumi jioni. Ikipita hapo, fremu anachukua muuza simu ambaye fedha zake ziko tayari kwenye bahasha.

Hezekia hakumwambia Debora lolote. Alitaka amwekee funguo mezani, mbele ya kile kitabu chake cha mihuri, kisha anyamaze.

Alimpigia mzee Kitashu na kumwomba ampeleke dume wake mnadani Jumamosi. Mzee akakubali. Lakini usingizi wa mwekezaji ni mwepesi, na alfajiri ya Jumamosi Hezekia alijikuta ameshafika bomani. Mzee alikuwa ameondoka mapema na mifugo ya kuuza. Na zizini, akitafuna kwa utulivu, amebaki nani? Yule yule wa doa la kushoto! Hezekia aliusikitikia uzee, unaoweza kumsahaulisha mtu jambo kubwa kiasi hicho, akamfunga dume kamba, akamswaga mwenyewe hadi mnadani.

Watu walimpisha. Marko, mnunuzi kutoka Morogoro, alimzunguka dume mara mbili, akataja milioni moja na laki mbili bila kusumbuliwa. Hezekia aliunyoosha mkono.

Afisa mifugo, dada mmoja mtaratibu aitwaye Happiness, aliwaomba wasubiri kidogo. Alisoma namba ya hereni kwenye sikio la dume, akapekua daftari lake.

"Kaka, unauza kwa niaba?"

"Niaba ya nani? Nauza changu."

"Huyu ameandikishwa kwa jina la Debora Cleopa."

Hezekia alicheka kicheko cha watu wenye upeo. Alieleza mbele ya mnada wote kwamba Debora Cleopa ni mke wake wa ndoa, na kwamba mali yake yote duniani ni kitabu cha kikoba. Akamwita mzee Kitashu aje awe shahidi.

Mzee alikuja polepole, fimbo begani.

"Ni wa mkeo, Baba Elia. Alimnunua kwangu Januari, kwa fedha za mgao wao. Yeye na mke wangu Namelok wako kikoba kimoja."

"Na wangu?"

Fimbo ilishuka begani, ikaonyesha nyuma ya kundi. Pale alisimama dume mwenye doa la kulia, aliyeupitisha mwaka kwa majani ya Mungu peke yake. Mbavu zake zilionekana zote, hata za akiba.

"Nimekuletea kama ulivyoagiza," mzee alisema.

Hezekia alitoa simu kwa mikono miwili, kama mtu anayewasilisha ushahidi mahakamani. Picha ndiyo hii! Doa ni la kushoto! Happiness aliinama akaitazama.

"Kaka, hebu soma maandishi ya fulana yako hapo pichani."

Hezekia alijaribu. Herufi zote zilikuwa zimegeuka, zinakwenda kinyumenyume. Kamera ya mbele ya simu yake, Happiness alieleza kwa sauti ndogo ya huruma, inageuza kila kitu, na kulia kunakuwa kushoto.

Jumapili ishirini na tisa! Magunia ishirini na tisa ya pumba, nauli za kwenda na kurudi, mashudu, chumvi, brashi! Kwa sauti iliyobaki, alimuuliza mzee kwa nini hakusema neno.

"Ningesema nini, Baba Elia? Mwanamume anatoka Mikumi kila Jumapili kumlisha ng'ombe wa mkewe, wa kwake hata hamtazami. Kule bomani wanawake wetu wanatusumbua kwa ajili yako. Wanauliza sisi tunashindwa nini."

Marko bado alikuwa ameshika noti zake, na jua lilikuwa linakwenda. Hezekia alimpigia mkewe, akaweka sauti ya nje ili amsikie katikati ya kelele za mnada. Alieleza habari ya fremu, ya saa kumi, ya milioni moja na laki mbili. Aliomba ruhusa. Ndiyo, Hezekia aliomba ruhusa!

Mnada mzima ulisikia Debora akifikiri.

"Usimuuze, Baba Elia. Bado ananenepa."

Yule wa doa la kulia alitajiwa laki nne, yaani elfu hamsini chini ya bei aliyonunuliwa, na Marko alisema hiyo ni pamoja na huruma. Hezekia alikataa. Saa kumi ilimkuta barabarani akirudi Mikumi, mikono mitupu, akijiandaa kumwona muuza simu akipanga makasha yake ndani ya fremu.

Hakumwona. Mlango ulikuwa umefungwa. Debora alikuwa ameshapita kwa Mama Generoza, ambaye katika kikoba ndiye mshika ufunguo wa kufuli la pili, na mama amekubali kungoja hadi Alhamisi. Kikoba kingetoa mkopo wa laki tisa, kwa masharti mawili: mwombaji awe mwanachama, na awe na dhamana. Dhamana ilikuwapo. Ilikuwa Tindiga, ina doa la kushoto.

Basi Alhamisi Hezekia alivua viatu, akaketi mkekani kwa magoti yasiyozoea, akatozwa faini ya shilingi mia tano kwa kuchelewa dakika nne. Akanunua hisa yake ya kwanza. Muhuri ukagongwa, paa!

Kisha katibu alifungua daftari la wanachama wapya na kumwomba ataje jina, makazi na kazi. Jina alilitaja. Makazi aliyataja. Kwenye kazi alikohoa, akanyoosha mgongo, akaanza kueleza kwamba kwa miezi kadhaa sasa amekuwa akijishughulisha na uwekezaji katika sekta ya mifugo.

Namelok, aliyekaa karibu na sanduku, aliinua uso.

"Andika analisha ng'ombe wa Debora."

Debora aliandika hivyo hivyo, kwa mwandiko wake mzuri, akapuliza wino ukauke, kisha akamgeuzia mumewe daftari na kumwonyesha mahali pa kuweka sahihi.