Stesheni ya Mbaazi, Singe

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Leo nimelikataa Fuso! Shemeji Hamdani, kaka wa mke wangu, alileta lori lake kupakia magunia yetu arobaini ya mbaazi kwenda Arusha. Nikamwambia enzi ya malori imekwisha. Behewa moja la treni linameza mzigo wa malori kadhaa, na halisimami njiani dereva anywe supu. Akauliza treni ipi, Babati haina hata reli. Nikatabasamu tu. Hajui nilichokiona Singe. Vigingi! Vyekundu, mstari mmoja, vimenyooka kama askari.

Jumanne, 5 Agosti
Nimekodi kipande cha shamba la Mzee Gidamanyega, palepale vigingi vinapopita. Nikamwamkia, akaitika marahaba, akauliza nitalima nini. Silimi, nikasema, najenga stesheni ya mizigo. Akavitazama vigingi. Kisha akasema waliopigilia vigingi walimuuliza ng'ombe wake wanakunywa wapi. Bila shaka! Hawataki treni igonge ng'ombe. Wataalamu hao.

Alhamisi, 7 Agosti
Banda limesimama. Kuta za mabua, juu mabati mapya. Amna, mke wangu, ameyatambua mabati. Yalikuwa ya jiko lake.
“Baba Mwanne,” akasema, “nusu ya mbaazi hizo nimezipalilia mimi.”
Nikamwambia atanishukuru. Hakunishukuru. Alipakia magunia yake ishirini kwenye Fuso la kaka yake. Usaliti, ndani ya nyumba yangu! Yangu ishirini nimeyahamishia stesheni kwa bajaji, safari kumi. Dereva aliniita Stesheni Masta. Alikuwa anacheka, lakini cheo ni cheo.

Jumapili, 10 Agosti
Ng'ombe wa Mzee Gidamanyega wamekula ukuta wa stesheni. Walipoumaliza wakala magunia sita. Mzee ameomba radhi, akasema ng'ombe wake hawajawahi kuona stesheni. Amna amerudi kutoka Arusha, mbaazi zake zimenunuliwa zote. Hamdani amepita mbele ya nyumba akipiga honi. Mara tatu! Sikutoka nje.

Jumanne, 12 Agosti
Mafundi wamefika na mtambo wa kuchimba! Nilivaa koti la harusi, nikasimama kwenye kigingi cha kwanza. Mhandisi wao ni binti anaitwa Vailet.
“Shikamoo baba. Unamsubiri nani?”
Nikamwambia nasubiri reli. Akageuka pembeni akakohoa muda mrefu. Ni bomba la maji. Bomba! Na banda langu liko juu ya njia yake, liondoke leo hii.
Amna alikuja na Hamdani na Fuso. Walipakia mabati na magunia bila kunicheka, na hilo liliniuma kuliko honi. Shemeji akanifungulia mlango wa mbele. Nilipanda nyuma, nikakaa juu ya magunia yangu kumi na manne. Mtu ana heshima yake.

Jumatano, 13 Agosti
Amna ameezeka jiko lake. Ameniwekea chai, hajaniangalia. Nimewaza mno. Nilimkosea Amna, sawa. Lakini kukataa lori sikukosea! Nilikosea vigingi tu.
Mchana nimerudi Singe kumuuliza Vailet bomba lina upana gani. Akanionyesha kwa mikono miwili. Mkubwa hasa! Nikauliza maji yatasukumwa kwa dizeli? Hapana, akasema, yanateremka yenyewe.
Yanateremka yenyewe! Na punje ya mbaazi ni ndogo kuliko ukucha wangu.
Hamdani ajiandae.