Nimeiangusha Ndege ya Pemba Mbele ya Mama Mkwe

Leo nimeadhirika. Tena si kuadhirika kwa uchochoroni, mtu akajipangusa vumbi akenda zake. Nimeadhirika mchana kweupe, mbele ya mama mkwe wangu, mbele ya Jayanti, na mbele ya mabarobaro kumi na wanane wa mpira wa kwenye kompyuta. Nnaandika hapa kwa sababu nyinyi wa baraza hili la mtandaoni ndio peke yenu mnaokubali kwamba mtu mzima kurusha ndege kwenye kompyuta si wazimu. (Au ni wazimu, lakini tunaugua pamoja.)

Kwa ambao hamnijui: mie Hemedi, fundi mafriji, nnakaa Mpendae. Kila Jumapili nnakwenda Mkunazini kwa Jayanti, mwenye chumba cha michezo ya kompyuta. Jayanti ana kompyuta sita. Tano zina mpira na bunduki. Ya sita, ile ya pembeni karibu na choo, ina mchezo wetu wa kurusha ndege, pamoja na usukani wake wa fimbo ambao nimeufunga kwa utepe wa umeme mara nne kwa mikono yangu.

Miaka ya tisini tulikuwa tukipanga foleni kwa kompyuta ile. Watu wazima, wenye ndevu zao! Tulikuwa tukisoma kitabu cha maelezo kinene kama msahafu, tunaazimana, mtu akikipasua ukurasa tunamnunia mwezi. Kulikuwa na mchezo wa ndege, kulikuwa na ule wa kwenda mwezini, ambao ukikosea hesabu unapotelea huko huko na chai yako imepoa. Leo ingia duka lolote la Darajani uulize usukani wa ndege. Watakutolea wa gari! Kijana mmoja kanijibu wiki iliyopita, bila ya hata kuinua uso: "Mchezo ule ushakufa, mjomba. Hauna hata watu wa kuwapiga."

Hauna watu wa kuwapiga! Ndiyo sifa ya mchezo siku hizi hiyo, jamani. Nilitoka dukani mle bila ya kuaga.

Basi Jumapili iliyopita nikafika kwa Jayanti na hasira zangu, na yeye akaniongezea.

"Hemedi, kompyuta ya sita ntaifuta. Ntatia mpira."

"Kwa nini?"

"Haina mtu. Uko wewe tu. Na wewe unakuja Jumapili."

"Watu watarudi, Jayanti! Huko nje washaanza kurudi. Kuna watu wanachora viwanja vya ndege wenyewe, bure, wanapeana. Nnasoma kila siku."

"Huko nje si Mkunazini."

Nikambembeleza. Nikamkumbusha udogo wetu, nikamkumbusha friji lake nililolifufua mkesha wa Idi. Mwisho akalegea kidogo, akatoa masharti mbele ya watu. Jumapili inayofuata nirushe ndege wote wakitazama. Nikiitua nzima, na akapatikana mtu mwengine mmoja, mmoja tu, anayetaka kucheza, mchezo unabaki. Nikiivunja, au asipatikane mtu, anafuta papo hapo. Tukapeana mikono.

Fahamuni vizuri hapo. Ile ndiyo kompyuta ya mwisho mjini yenye mchezo wetu. Yangu ya nyumbani iliungua zamani. Akifuta Jayanti, mie tena sina pa kuruka.

Sasa leo asubuhi. Nnavaa viatu, mke wangu Raya kasimama mlangoni.

"Mama anakuja na ndege ya saa tano. Ukampokee."

"Ntampokea."

"Hemedi."

"Naam."

"Saa tano. Kiwanjani. Si kwa Jayanti."

"Nimesikia, Raya!"

Na nilisikia kweli. Msinione mpuuzi. Nilipiga hesabu zangu barabara: saa nne naruka, kutoka Pemba mpaka Unguja ni nusu saa, saa nne na nusu nishatua, nishapigiwa makofi, saa tano kasorobo niko kiwanjani na vespa yangu, nimetulia, nanukia uturi. Na tena, semeni kweli, ndege ya Pemba lini imefika kwa wakati?

Jayanti alifungua saa nne na robo. Alikuwa na mgeni. Kompyuta ya sita ikachukua dakika kumi kuwaka, ikazima, ikawaka tena. Usukani ukakataa kutambulikana mpaka nilipoukorogakoroga waya. Nikaruka saa tano kasoro kumi.

Hapo mwenye akili angeondoka. Najua. Lakini chumba kilikuwa kimejaa! Mabarobaro kumi na wanane wameacha mpira wao, wengine wamekaa juu ya meza, kila mmoja na mdomo wake. Ningesema nini? Samahanini, nnakwenda kumpokea mama mkwe? Mchezo ungefutwa hata sijafika Darajani.

Basi nikajifunga mkanda (nnautumia wa suruali, msiniulize). Nikazima simu, kama inavyotakiwa. Nikatangaza: "Mabibi na mabwana, karibuni katika safari yetu ya kutoka Pemba kwenda Unguja."

"Mabibi wako wapi?" mmoja akauliza. Wakacheka.

Tukapaa. Dakika kumi za mwanzo zilikuwa mateso. "Mbona haliendi?" "Goli liko wapi?" "Mjomba, anapigwa nani hapa?" Mie nnatazama mwendo, nnatazama kimo, jasho linanitiririka. Tukaiona Nungwi kwa mbali. Mmoja akasema, "Ee, kwa bibi yangu pale!" Wakasogea. Nikawaonesha ukingo wa mashariki, Uroa kule, chini zaidi Bwejuu. Wakasogea tena. Makelele yakapungua, na mie moyoni nikaona, haya, ndiyo mambo yanaanza kurudi haya.

Jambo moja liliniudhi, na mtanisamehe nikilisema. Mji wenyewe haumo! Waliotengeneza mchezo wametia njia ya kurukia ndege, wametia na taa zake, lakini Mji Mkongwe mzima, na misikiti yake na majumba yake, wamefanya uwanja wa majani mabichi. Kijana mmoja akauliza, "Mkunazini iko wapi?" Nikamwambia, "Tumeshaipita." Akanitazama kama nimemwibia.

Sasa nakaribia kutua. Magurudumu yako chini. Njia naiona mbele yangu, imenyooka, haina pepo za ubavuni. Futi mia tano. Hata Jayanti kaja kusimama nyuma yangu. Nikasikia mmoja ananong'ona, "Wallahi huyu anajua." Miaka minane nnaruka peke yangu, nikisubiri mtu aseme neno lile! Futi mia tatu. Futi mia mbili.

"Hodi humu ndani."

Nyinyi mliolelewa hapa mtanifahamu. Sauti ile si ya kuuliza ni ya nani. Ni ya Bi Zuwena, mama yake Raya, mtu wa Chake Chake, mwalimu wa chuo cha Kurani, mwanamke ambaye tangu nimwoe binti yake, miaka kumi na moja, sijapata kumwamkia nimekaa, wala kumpa mkono mmoja. Mikono yangu haikuniuliza. Miguu haikuniuliza. Nikajiona nimeufungua mkanda, nimesimama, nimegeuka, nimeinama, mkono wake nimeupokea kwa mikono yangu yote miwili.

"Shikamoo, mama." Nikaubusu.

"Marahaba, mwanangu."

Nyuma yangu king'ora kinalia. Halafu kishindo. Halafu kimya. Halafu mabarobaro kumi na wanane kwa sauti moja:

"Gooooool!"

Kwa hesabu zangu niliangukia Mpendae. Nyumbani kwangu mwenyewe.

Bi Zuwena akapanua macho nyuma ya miwani yake, akatazama kioo cha kompyuta, moshi unafuka. Pembeni yake kasimama dereva wa teksi na gunia la viazi vikuu begani.

"Hiyo iliyoanguka ilikuwa ikitoka wapi?"

"Pemba, mama."

"Pemba." Akalitazama gunia lake. "Na mie nlikuwa natoka Pemba."

Nyinyi, ningetamani sakafu ipasuke. Kumbe ndege yake, ya leo, ya leo tu kati ya siku zote alizoumba Mungu, imefika mapema! Kakaa kiwanjani juu ya gunia, watu wanapita wanampa pole. Raya kanipigia simu mpaka kachoka, mwisho akamwelekeza mama yake aje na teksi kwa Jayanti.

"Simu yako ina nini, Hemedi?"

"Niliizima, mama."

"Kwa nini?"

(Hapa ndipo pa kusema uongo. Mtu yeyote mwenye akili timamu angesema betri.)

"Ndani ya ndege hairuhusiwi."

Dereva wa teksi akaliweka gunia chini akakaa juu yake, kwa kucheka. Kuna mmoja alitoka nje kabisa, namsikia barazani anajipigapiga mapaja. Na Jayanti, rafiki yangu wa utotoni, badala ya kunisitiri, kashanyoosha mkono kwenye kibodi.

"Hemedi, mapatano ni mapatano. Nnafuta."

Nikapandwa na hasira, nasema kweli. "Hufuti! Nimemwamkia mzee! Ulitaka nimpe mkwe wangu mgongo?"

"Rubani akitua haamkii watu."

"Rubani wa kwenu! Rubani wa kwetu anaamkia!"

"Wangu mie aliamkia," akasema Bi Zuwena, taratibu kabisa, na chumba chote kikamgeukia. "Aliamkia kabla hajawasha. Ndege ilijaa, akanikalisha mbele ubavuni kwake. Lakini tulipokuwa tunashuka hakunitazama asilani. Nilimwuliza mara mbili kama kaoa, hakunijibu."

Wakaangua kicheko tena, na safari hii hata mie. Kicheko cha uchungu, lakini.

Akasogea karibu na meza, akaugusa usukani wangu wenye utepe. "Ndicho hiki alichokuwa kakishika. Ukikosea mara moja ndiyo basi, au mtu hurejea?"

"Hurejea, mama, lakini Jayanti anataka kufuta."

"Asubiri kwanza. Toka hapo nikae."

Mnajua mtu anavyomkatalia mama mkwe? Na mie sijui. Nikatoka. Akakaa, akajitengeneza buibui lake, akaisukuma miwani juu. Nikampangia ndege iwe angani tayari, maili chache kutoka kiwanjani, njia iko mbele. Jayanti akakunja mikono. Yeye naye hamwezi Bi Zuwena.

"Sasa mama, hapo uvute kidogo, ila usi—"

"Nyamaza. Mie nimeona leo asubuhi. Wewe umeona lini?"

Chumba kizima kikanitazama. Na hapa, wenzangu, lazima nikiri, kwa sababu wote wa pale washajua na mjini habari haikai. Mie sijapata kupanda ndege. Hata siku moja. Pemba nnakwenda kwa meli, tena natapika. Haya, semeni basi.

Bi Zuwena akaishusha. Njia nzima kaisemesha, "Taratibu, taratibu, mama usiogope," kama anamtuliza mtoto wa jirani. Mwendo ulikuwa mkubwa mno. Nikafumba macho. Ikagonga chini, ikaruka juu, ikagonga tena, ikaruka, ikagonga, ikatoka njiani ikaingia majanini, ikazunguka duara, ikasimama imetazama ilikotoka.

Hakuna king'ora. Hakuna moshi.

Jayanti akainama mpaka pua yake karibu iguse kioo. Akatazama bawa la kulia. Akatazama la kushoto.

"Nzima," akasema, kwa shingo upande.

Ile kelele mngeisikia huko mliko! Wamepiga makofi, wamepiga meza, dereva wa teksi kapiga gunia. Makofi yangu yale! Miaka minane! Mie niliyeitoa ndege Pemba mpaka futi mia mbili, kwa mkono, peke yangu, nimeambulia "gooool". Yeye kaitia majanini, kaigeuza nyuma mbele, anapigiwa vigelegele!

"Ndege imetua nzima, na mtu mwengine wa kucheza ndiye huyu," nikamwambia Jayanti. "Sharti limetimia. Hufuti."

"Sifuti," akakubali. Halafu akauliza, "Kuna mwengine tena?"

Mikono kumi na minane ikapanda juu. Kumi na minane! Wale wale waliokuwa wakitafuta goli. Jayanti akatoa daftari, akaanza kuandika zamu za Jumapili ijayo. Mie wakati huo nimetumwa nikalipakie gunia la viazi vikuu kwenye teksi, na nilikuwa na haraka, kwa sababu simu nilipoiwasha ilikuwa ikilia na jina lililotokea lilikuwa la Raya. (Aliyoyasema hayaandikiki hapa.) Niliporudi ndani, daftari lishafungwa.

Wa kwanza Bi Zuwena. Wa pili Raya, kaandikishwa na mama yake bila ya kuulizwa. Wa tatu mpaka wa ishirini, mabarobaro. Wa ishirini na moja dereva wa teksi, ambaye hata si mtu wa mjini, anatokea Makunduchi.

"Na mie?" nikamwuliza Jayanti.

Akamtazama mama mkwe wangu kwanza. "Bi Zuwena kasema wewe una kazi ya kwenda kupokea wageni kiwanjani."

Basi mchezo umepona, alhamdulillahi, na mliokuwa mkisema hapa kwamba siku moja watu watarudi, mmesema kweli, wamerudi wote. Msinicheke, nawaombeni. Na kama kuna anayejua namna ya kumwomba mkwe zamu yake kwa adabu, aniandikie kabla ya Jumapili.