Herufi za Slaidi na Ndoa Yangu Changa

Siakago Sokoni,
14 Septemba 1998.

Bwana Mbaabu,
Mratibu, Mradi wa Mbuzi wa Maziwa,
Siakago.

Mpendwa Bwana Mratibu,

KUH: AMRI YA KUFANYA SLAIDI ZOTE ZIWE NA HERUFI ZA AINA MOJA

Nakuandikia nikiwa na furaha tele, kwa kuwa mwezi jana niliolewa na karani wako Kivuti, mwanamume mtamu kuliko asali ya Mbeere. Ulikuja harusini, ukala, ukacheza hadi koti likakuvuka. Ndiyo maana nashangaa kwamba ni wewe unayenitenganisha naye.

Kivuti aliandaa kwenye kompyuta slaidi za utunzaji wa mbuzi, za kuwaonyesha wageni wa mradi. Ulipoziona ukutani ulimwambia, "Kijana, hizi ni slaidi ama ni matangazo ya disko? Weka herufi za aina moja!" Tangu siku hiyo harudi nyumbani kabla ya giza. Malalamiko yangu ni haya:

1. Anazibadilisha slaidi moja moja. Akimaliza kichwa, anakumbuka maneno ya chini. Akimaliza hayo, jedwali la chanjo limebaki na herufi za zamani. Akifika nyumbani huniambia, "Mpenzi, leo nimemaliza minyoo, kesho naingia kwato." Ndoa ikiwa changa hivi, Bwana Mratibu, nilitarajia maneno mengine.

2. Herufi zile hakuzichagua ovyo. Slaidi ya maziwa aliipa herufi za kujikunja, zile zile za kadi yetu ya harusi. Aliniambia kila akiziona anaona shela yangu. Sasa umeamuru shela yangu iondolewe, na mahali pake pawekwe herufi zilizosimama kama askari wa chifu.

3. Hili ndilo linaloninyima usingizi. Jumamosi shangazi zangu wanakuja kutoka Kanja kuona nilivyokaa, kama desturi yetu ilivyo kwa bibi harusi, wakiwa na vikapu vya ndizi na vibuyu vya uji. Bwana harusi asipokuwepo kuwapokea, watanifungasha virago nirudi nao. Shangazi Jedidah alipita hapa Alhamisi akanikuta nakula peke yangu. "Haiya! Huyu mume uliolewa naye ama uliazimwa?" Nikamwambia yuko kazini, anabadilisha herufi. Akaniuliza, "Kwani za zamani ziliharibika?"

4. Kama kufanana ni kuzuri hivyo, mbona hukuanzia kwingine? Kibao cha lango lenu kina herufi kubwa nyekundu juu na nyembamba nyeusi chini. Mbuzi wenyewe, mmoja ni mweupe, mwingine ana madoa, na yule beberu sijui niseme ni wa rangi gani. Hata soksi ulizovaa harusini kwangu hazikufanana, nami nilinyamaza kwa heshima.

Kwa hiyo naomba amri yako ifutwe kabla ya Jumamosi, na Kivuti aachwe aipe kila slaidi herufi ambazo moyo wake unapenda. Wageni wakishangaa, waambiwe kwamba aliyeziandaa anapendwa sana nyumbani.

Wasalimie mama watoto, Joyline wa mapokezi, mlinzi wa lango, na mbuzi wote bila kujali rangi.

Ni mimi, mwenye furaha na malalamiko kwa pamoja,
Bi. Tabby Kivuti

N.B. Kivuti ameingia sasa hivi, tena mapema, na kanibusu mbele ya majirani! Ameniletea hotuba atakayowasomea shangazi zangu Jumamosi, ameichapa yote kwa kompyuta. Nimelia kwa furaha. Lakini Bwana Mratibu, ukurasa wa kwanza jina langu limenenepa, wa pili limelala ubavu, wa tatu limejikunja kama mkia wa kinyonga. Shangazi Jedidah akiona hivyo atasema Kivuti ameoa wanawake watatu. Tafadhali, kesho mzuie hapo ofisini mpaka herufi zote ziwe za aina moja. Akichelewa, nitavumilia.