Dola Saba Nyeusi za Bibi Verlene

Delmar Stroud alikuwa mtu wa ibada. Kila asubuhi, kabla kahawa haijapoa, alifungua gazeti ukurasa wa tanzia na kuwaombea marehemu. Aliwaombea zaidi wale walioacha kitu.

Jumanne moja alisoma hivi: Orrin Tibbs, miaka themanini na moja, dereva mstaafu wa greda la kukwangua theluji mlimani Spooner. Alipenda mbwa wake, kuvua samaki, na dola za fedha za mji wetu. Ameacha mjane, Verlene. Delmar alisoma mara tatu. Mbwa hakumgusa moyo. Samaki nao hawakumgusa. Dola za fedha za mji wetu zilimtoa machozi, akaenda kunyoa ndevu.

Lazima niseme hapa kwamba sisi wa Carson City tuliwahi kuwa na kiwanda cha serikali cha kupiga sarafu, enzi zile milima ya Virginia City ilipokuwa ikitapika fedha. Kiwanda kiliishi miaka michache, kikafa, kikatuachia jengo la mawe, makumbusho, na ugonjwa. Ugonjwa wenyewe ni herufi. Dola iliyozaliwa hapa ina C mbili chini ya mkia wa tai, ndogo mithili ya viroboto. Dola ya mwaka uleule iliyotoka Philadelphia haina kitu mahali hapo, na thamani yake ni chakula cha mchana cha watu wawili, bila bia. Lakini ile ya 1889 yenye C mbili, kama haijachakaa, ni bei ya gari jipya. Ndiyo maana utakuta watu wazima wenye wajukuu wanatembea na lenzi mfukoni, wakitafuta viroboto.

Delmar aliwahi kuwahurumia sana watu hao. Kwa miaka mingi alizunguka kwenye maonyesho ya sarafu katika kumbi za moteli, akinunua dola za Philadelphia zenye upara chini ya mkia na kuziotesha nywele: C mbili alizochonga mwenyewe kwa fedha, tone la gundi, kwisha. Alijiita fundi. Wateja wake walimwita jina jingine, ila siku zote walianza kumwita wakati yeye ameshahama mji. Macho yalipoanza kumsaliti aliacha ufundi akaingia kwenye wajane, kazi ambayo haichoshi macho.

Saa nne alikuwa sebuleni kwa Bibi Verlene, kofia kifuani, uso umekunjwa kwa huzuni ya hali ya juu.

"Pole sana, mama. Mimi na mzee Orrin tulijuana."

"Mlijuana wapi?"

"Mambo haya haya ya sarafu. Mtu wa watu, mzee yule. Siwezi kumsahau."

Bibi Verlene alikuwa mwanamke mfupi, nywele nyeupe, sweta lenye mifuko miwili iliyojaa vitambaa vya kufutia kamasi. Alimtazama Delmar kwa muda, kama mtu anayejaribu kusoma kibao cha barabarani kwenye ukungu.

"Kweli wewe ulimjua," alisema mwishowe. "Kaa, mwanangu. Utakula sandwichi ya mayai? Nina mayai mpaka sijui niyaweke wapi."

Nyumba nzima ilinuka mayai ya kuchemsha. Mtu mwenye akili angejiuliza mjane wa peke yake anafanya nini na mayai yote hayo. Delmar alikula sandwichi tatu.

Kisha bibi akaleta kopo la biskuti, na Delmar akasahau kutafuna. Ndani mlikuwa na dola saba, nyeusi tii kama sufuria ya kambi, na ukingoni kila moja ilikuwa na mstari wa buluu na zambarau. Tafadhali mwelewe. Fedha iliyofichwa gizani miaka mia huota ngozi nyeusi yenyewe, na ngozi hiyo ndiyo cheti chake cha kuzaliwa. Inamaanisha hakuna aliyeisugua, hakuna aliyeichezea. Wakusanyaji wa sarafu wana dini yao, na dini hiyo ina amri moja kubwa: usifute. Anayefuta sarafu hutazamwa kama anayekojoa kanisani.

Delmar alizishika moja moja kwa kingo, akaweka lenzi jichoni. Zote zilikuwa na C mbili, zimezama kwenye weusi kama mbegu kwenye udongo. Moja ilikuwa ya 1889. Moyo wake ukapiga teke mbavu. Alijibana, akashusha pumzi ndefu kama daktari mwenye habari mbaya.

"Mama, hizi zinaumwa."

"Zinaumwa?"

"Kansa ya fedha. Ukiona weusi namna hii, ujue umeshaingia mpaka ndani. Mwakani utafungua kopo ukute unga."

"Masikini Orrin! Na alizifunga vizuri kwenye soksi."

"Soksi ndiyo iliyoziua."

"Nikizisugua na dawa ya meno je?"

Kahawa ya Delmar iliruka kikombeni. "Usiguse! Yaani, mama, ule unga ni sumu. Unaingia kwenye mapafu. Niachie mimi niliyezoea. Kwa heshima ya marehemu nitakupa dola thelathini kwa kila moja, nikaziyeyushe salama."

Bibi Verlene alitoa kitambaa, akapenga kamasi polepole. "Una roho nzuri. Tatizo ni kwamba kuna bwana mmoja wa Reno kapiga simu. Anasema mia tisa."

"Kwa zote?"

"Kwa kila moja."

"Huyo ni mwizi, mama!"

"Ndicho kinachonishangaza. Mwizi ananipa mia tisa, mwaminifu ananipa thelathini. Siku hizi uaminifu umeingia umasikini kweli." Akafunika kopo. "Anakuja Alhamisi saa nane mchana. Ila wewe ulimjua Orrin wangu. Ukinifikia kabla yake na hizo mia tisa, ni zako. Taslimu, mwanangu. Hundi zinanichanganya."

Mia tisa mara saba ni elfu sita na mia tatu. Delmar hakuwa nazo. Alichokuwa nacho ni trela alimokuwa akiishi pale Mound House, lenye paa jipya na jiko la gesi, mali yake pekee duniani ukiacha pikapu. Jumatano alimuuzia jirani kwa elfu sita, chini ya nusu ya bei, na jirani akamuuliza kama amechanganyikiwa. Delmar alicheka. Kesho yake ile ya 1889 peke yake ingemnunulia trela sita na bustani za kuziweka. Aliongeza mia tatu zake za mwisho, akatia mswaki na nguo kwenye pikapu, akalala kitini, upepo wa Washoe ukimtikisa kama mtoto kwenye beleko. Aliota matairi mapya.

Alhamisi saa nne na nusu alikuwa mlangoni. Bibi Verlene alihesabu noti mara mbili, akilamba kidole, kisha akamsogezea karatasi.

"Nisaidie sahihi, mwanangu. Mimi mzee, naogopa maneno ya watu."

Karatasi ilisema kwamba mnunuzi amezikagua sarafu mwenyewe kwa macho yake, ameridhika, na hakuna kurudishiana. Delmar aliyapenda maneno hayo. Yalikuwa mafupi, yamefunga kila tundu, na aliona kama aliwahi kukutana nayo mahali. Akasaini kwa mbwembwe.

"Nenda taratibu," bibi alisema kwenye baraza, na kwa mara ya kwanza tangu msiba majirani walimwona akitabasamu. "Orrin wangu alikuwa anasema barabara ya Reno ina utelezi."

Reno ni nusu saa. Delmar alitumia dakika ishirini, akaingia kwa Martin Orbea, mnunuzi wa sarafu mwenye nyusi nene za babu zake Wabaski wa Hispania na midomo isiyopoteza maneno. Kwenye kaunta walikuwepo wazee wawili wanaoshinda pale kila siku bila kununua kitu. Delmar alipanga dola saba juu ya kitambaa cha mahameli, akarudi nyuma hatua moja, kama mchoraji.

Orbea aliinua ile ya 1889. Akaitazama. Kisha akaisogeza puani.

"Mbona inanuka yai?"

"Yai?"

"Yai la kuchemsha. Unaliponda, unalitia kwenye mfuko wa plastiki pamoja na sarafu, unafunga. Siku tatu unapata weusi wa miaka mia." Akaidumbukiza kwenye bakuli la dawa, ileile wanayotumia wanawake kuondolea rangi ya kucha. "Tungoje."

Walingoja. Wazee walisogea. Baada ya dakika kumi Orbea alitikisa bakuli, na C moja ikabanduka chini ya mkia wa tai, ikatua chini bila haraka. Ya pili ikaifuata.

"Hizi nazijua," Orbea alisema. "Verlene Tibbs na mumewe waliniletea miaka tisa iliyopita, zikiwa nyeupe. Mzee alizinunua kwenye moteli moja kule Sparks kwa akiba yake yote ya uzeeni. Nilipomwambia kuwa ni za kubandikwa, yule mzee alivaa kofia yake akatoka bila kuaga. Mke wake anasema baridi nzima hakukanyaga nje. Aliona haya kuonana na watu."

Delmar alijaribu kumkumbuka Orrin Tibbs. Uso haukuja. Ilikuja pochi: ya ngozi ya kahawia, nene, na kishikizo cha shaba, na ile karatasi ya hakuna kurudishiana, ambayo wakati ule aliiandika yeye. Hapo ndipo alipoelewa ameuza trela lake kununua nini.

Nampa haki yake. Alivumilia. Mtu amepoteza nyumba, fedha na heshima, na bado alikuwa na akili ya kukusanya dola zake kimya kimya na kuutazama mlango. Angetoka salama, laiti Orbea asingeendelea kuchokoa bakuli kwa koleo.

"Na hata si kazi ya maana," Orbea alisema. "Tazameni alama ya gundi kwenye sarafu: C ya kushoto ilikuwa imelala chali. Huyu alikuwa mlevi. Mtoto wa chekechea angebandika vizuri zaidi."

Wazee wakacheka. Mmoja alicheka mpaka akakohoa.

"Chekechea?" Delmar aligeuka, shingo imevimba. "Mlevi? Ile imeinamishwa makusudi, bwana! Herufi ikinyooka sana watu wanashtuka! Halafu nikwambie, ishirini na mbili nimebandika kwa siku moja, na mkono wangu haukutikisika hata mara moja!"

Orbea akaweka koleo chini.

"Mkono wa nani?"

Yule mzee aliyekohoa alitia mkono kwenye koti, akatoa dola ya fedha iliyosuguliwa na miaka ya kubebwa mfukoni, akaiweka kwenye kaunta, tai juu. C ya kushoto ilikuwa imelala. Mwenzake aliinuka, akajikongoja mpaka mlangoni, akageuza kibao upande ulioandikwa kwamba duka limefungwa.