Kifaransa: Vizuri

Jumatatu, 9 Februari
Madam Milcah, mkubwa wetu, ametangaza wageni wa Alhamisi. Wanasema Kifaransa, wanataka mabomba ya mvuke. Kisha akanigeukia. Kumbe aliusoma wasifu wangu! Ukurasa wa pili, mwisho kabisa: "Kifaransa: vizuri." Niliandika ili ukurasa ujae. Barua yangu ya ajira iko mezani pake, haijatiwa sahihi. Nikasema sawa, madam.

Jumanne, 10 Februari
Nimepata kitabu kwa muuza vitabu wa barabarani. Kimebaki na sura moja: joto. Haidhuru. Il fait chaud, yaani "inafanya joto". Nani anafanya? Kitabu kimenyamaza. Tena wao hawasikii joto kama sisi. Wanalo. J'ai chaud, "nina joto", kama mtu mwenye ng'ombe. Nimeliwaza hilo njia nzima hadi mtaani kwangu, Kaptembwo, nikapita mlango wangu.
Mpango: nishikilie joto siku nzima, wasipate nafasi ya kuuliza lingine.

Jumatano, 11 Februari
Wazungu huogopa jua. Nimemshauri madam tukodi feni tatu, soda zikae kwenye barafu, chai ifutwe. Ofisi nzima imeninunia. Ilwad wa mapokezi akauliza kama nina hakika wageni wanatoka Ufaransa. Nikamweleza kwamba Kifaransa hutoka Ufaransa. Akacheka peke yake. Wivu.

Alhamisi, 12 Februari
Wanatoka Jibuti, kwenye jua kali kuliko letu!
Wanne, wamevaa makoti. Saa mbili asubuhi, feni tatu zikiwavumia. Nikasema, il fait très chaud. Wakatazamana. Nikaongeza, trente degrés, nyuzi thelathini, ndiyo nambari niliyoikariri. Mzee wao akafunga zipu hadi kidevuni, akasema jambo refu. Nikajibu kwamba kuna joto. Akarudia. Nikarudia. Mwenzake akapiga chafya.
Ndipo Ilwad akainuka, akazima feni zote, akawasalimia kwa Kisomali. Nyuso zikafunguka! Kutoka chini ya meza akatoa chupa ya chai ya tangawizi aliyoificha. Mabomba yakaagizwa vikombe vikiwa mkononi.
Madam akauliza yule mzee alikuwa ananiambia nini. Akilini nikaiona barua yangu ikichanwa.
"Anasema Jamleck amewajali sana," Ilwad akajibu.
Baadaye akanivuta kando. "Alikuomba uzime feni, ndugu yangu. Mara mbili. Futa ule mstari kwenye wasifu."

Ijumaa, 13 Februari
Barua imetiwa sahihi! Madam anataka wasifu mpya wa kuweka kwenye faili. Nimemtii Ilwad, nimefuta Kifaransa. Naapa.
Lakini ukurasa ukabaki na pengo baya pale chini. Nikalitazama kutwa.
Nimeandika: "Kijapani: vizuri." Nani ataleta Mjapani ofisi hii?
Hata hivyo, kesho nitapita kwa muuza vitabu. Tahadhari tu. Safari hii nianze na baridi.